Nazmiye Tunçel, Mkamwana Aliyepimwa Uchovu Akapata Sifuri

"Na mimi nitalala lini?"

Swali hilo aliliuliza marehemu mama yetu, Nazmiye Tunçel, siku ya Jumapili tarehe 15 Machi 2015, sebuleni kwake mtaa wa Schalke, hapa Gelsenkirchen, mbele ya mumewe, shemeji yake na wifi yake, waliokutana kugawana zamu za kumtunza mama yao mzazi baada ya daktari kusema kwamba ugonjwa wake ni wa usahaulifu na hautarudi nyuma, na wifi akasema chai imekolea mno, aongezewe maji ya moto kidogo, naye marehemu akainuka, akaongeza maji.

Mtuwie radhi kwa kuanzia hapo, tunajua historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, na huko tunafika sasa hivi.

Nazmiye alizaliwa tarehe 3 Aprili 1966 katika kijiji kilicho juu ya mji wa Devrek, mkoa wa Zonguldak, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Hilmi, mchonga bakora, na Bi Zehra, na mpaka anazeeka alikuwa akiona mtu anatembea na fimbo barabarani humtazama fimbo kwanza kisha uso, na alikuwa akisema kwamba harufu ya mti uliochongwa asubuhi, mvua ikinyesha juu ya vigae na mama yake akikoroga unga wa mahindi jikoni, ndiyo harufu anayotegemea kuikuta peponi. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1973 hadi 1978, akaendelea na shule ya kati mjini Devrek hadi 1981, akashika nafasi ya pili darasani, na alitaka sana kwenda chuo cha ushonaji, lakini mwaka huo kaka yake ndiye aliyepelekwa chuo, na yeye akabaki kupiga msasa bakora za baba.

Aliolewa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1986, hukohuko Devrek, na Bwana Rüştü Tunçel, mtoto wa mchimba makaa aliyekuwa ametangulia Ujerumani tangu miaka ya sitini, na tarehe 2 Februari 1987 akashuka kwenye treni stesheni ya Gelsenkirchen, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, yeye amevaa viatu vya harusi, na hapo akamkuta mama mkwe wake, Bibi Satı, amesimama na buti mkononi, buti kubwa kupita mguu, na soksi za sufu za kuzijazia. Bibi Satı alipiga magoti palepale mbele ya watu akamvalisha, akamwambia, "Mkamwana, nchi hii huingiwa kwa miguu iliyokauka."

Wanawake wale wawili walipendana, na hilo tunataka lisikike vizuri, kwa sababu siku hizi kukitajwa mkwe na mkamwana watu huanza kutabasamu kabla ya hadithi. Bibi alimfundisha kupanda tramu, kutamka bei sokoni, kumkatalia mwenye nyumba bila kumtukana, na kila vuli waliteremka pamoja sakafu ya chini kutia achari ya kabichi kwenye mapipa, wakibishana kuhusu chumvi, na kila kiangazi walilima maharage kwenye kijibustani chao kando ya reli, ambako Bibi alikuwa akiwaambia Wajerumani wa bustani za jirani kwamba mkamwana wake ana mkono wa baraka, kisha akigeuka kumwambia mwenyewe kwamba anapalilia kama anayetafuta sindano.

Kuanzia tarehe 1 Septemba 1989 marehemu alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia shuka za hospitali, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, na aliipenda kazi hiyo, aliupenda mvuke wake na soga zake, mpaka alipoiacha tarehe 31 Machi 2016 kwa sababu ambayo sasa mnaijua. Alijaliwa watoto wawili, Serdar, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1988, anayefanya kazi bandarini Hamburg, na Esma, aliyezaliwa tarehe 7 Januari 2001, mwanafunzi wa sheria.

Ugonjwa wa Bibi Satı ulianza vuli ya mwaka 2014, alipopatikana asubuhi moja kwenye lango la mgodi uliofungwa zamani, ameshika chakula cha mumewe, Mzee Durmuş, ambaye tulimzika mwaka 1999, na tangu siku hiyo alikuwa akitoka na chakula chake, na marehemu hakumkatalia wala kumsahihisha, alivaa koti akafuatana naye hadi langoni, akamwambia mzee ametokea lango la pili, Mama, twende tumkute nyumbani, wakarudi wameshikana mikono kama wasichana wanaotoka shule. Katika kikao kile cha mwezi Machi baba mdogo Necati alichukua Jumapili na shangazi Binnaz akachukua Jumatano, na kufikia mwezi wa Ramadhani wa mwaka huohuo Jumapili ilikuwa imeingiliwa na mpira na Jumatano imeingiliwa na goti, na siku zote saba zikarudi kwa mwenyewe. Hatusemi haya kumwaibisha mtu, nao wapo hapa, tunasema kwa kuwa yalitokea.

Mwezi Aprili 2016 alikuja bwana wa bima kupima Bibi anahitaji msaada kiasi gani, na familia yetu ikafanya kosa ambalo nusu ya waliokaa hapa wamelifanya, yaani mtu aliyekuja kupima shida tulimpokea kama mgeni. Marehemu alifua mapazia, aliviringisha wali kwenye majani ya mzabibu, akaficha pampasi za Bibi ndani ya oveni, na Bibi mwenyewe, ambaye asubuhi ile alikuwa hajui jina la mwanawe, alipoona mgeni mlangoni damu ya ukarimu ikamrudia, akamtilia marashi ya limau viganjani, akamuuliza hali ya mama yake, akamwambia kwa Kijerumani chake cha sokoni kwamba hapa kila kitu kiko sawa, na yule bwana akala, akashukuru, akaandika kwamba mzee huyu anajimudu, kisha marehemu akafungua oveni.

Ndipo akaja Nilgün, binti wa watu wetu kutoka chuo kikuu, aliyekuwa akipima ni mzigo gani wanaobeba walezi wa wagonjwa wa usahaulifu katika familia za Kituruki, naye akaketi kwenye sofa tarehe 12 Mei 2018 na maswali yake, Bibi kaketi upande huu, Baba kaketi upande ule, chai katikati, akauliza, ni mara ngapi unahisi kwamba mgonjwa ni mzigo kwako, hujawahi, mara chache, au mara nyingi? Marehemu akashika kifua kama aliyetukanwa, akasema, "Hasha, mwanangu. Mama ni mzigo?" Na maswali yote yaliyofuata, usingizi wako, afya yako, marafiki zako, akayajibu sijawahi, sijawahi, sijawahi, huku akimjazia mgeni glasi, na hesabu ilipopigwa akapata sifuri. Baba yetu aliibeba sifuri ile mpaka kwenye baraza la chai, akawaambia wenzake kwamba chuo kikuu kizima kimempima mke wake na hakikuona uchovu hata chembe, na wenzake wakamwambia una bahati, Rüştü, wa kwangu mimi anachoka kwa kunitazama tu.

Nilgün hakuridhika, na Mungu ambariki kwa hilo, kwa sababu aliona kwamba kipimo chake hakikupima uchovu, kilipima adabu zetu. Mwezi Juni alimfuata marehemu bustanini, mchana, Bibi kalala kivulini kwenye kiti, hakuna mume, hakuna chai, akachuma naye maharage, na hakumuuliza habari zake hata moja, alimuuliza tu kama anamjua mwanamke yeyote hapa mtaani anayemtunza mkwe mgonjwa. Marehemu akasema yupo, jirani yangu mmoja, maskini, na akaanza kusimulia habari za jirani huyo, kwamba meno yanamuuma na haendi kuyatibu, kwamba hujifungia bafuni akafungua maji ili alie, kwamba anampenda mkwe wake kuliko alivyompenda mama aliyemzaa na bado zipo asubuhi humwombea kifo, kisha huenda kumwandalia mayai kwa aibu. Alisema mpaka kikapu kikajaa. Nilgün akamuuliza, "Shangazi, huyo jirani anaishi wapi?" Marehemu akafuta mikono, akasema, "Mlango huuhuu wa kwangu. Lakini usiwaambie waliomo ndani."

Haya yote marehemu alimsimulia Esma akiwa kitandani hospitalini, akicheka, na ni marehemu mwenyewe aliyeruhusu yasomwe.

Kifua kilianza kumbana mwezi Machi mwaka huu wa 2023, akapewa miadi ya daktari wa moyo mwezi Mei, ikaahirishwa, Julai, ikaahirishwa, Septemba, ikaahirishwa, kila mara kwa sababu hiyohiyo moja, hakupatikana mtu wa kukaa na Bibi asubuhi moja. Jumamosi tarehe 21 Oktoba alianguka sakafu ya chini, kando ya mapipa ya achari, akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akapata nafuu kidogo, na katika siku hizo za nafuu Baba alimuuliza kama angependa kuzikwa Devrek kwa baba yake, penye harufu ile ya mti. "Mkinipeleka Devrek," akasema, "wiki hiyo nani atabaki na Mama?" Alifariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, na ndiyo sababu leo tunamzika hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomwita Mama kabla hawajafahamu jina lake, inawashukuru wanawake wa kiwanda cha kufulia, waliokuja na shuka zao wenyewe wakamtandikia, inamshukuru Nilgün aliyejua pa kuulizia, na inamshukuru jirani wa ghorofa ya chini, Bibi Hannelore Wiechert, ambaye hayupo nasi hapa kwa sababu wakati huuhuu, sisi sote tukiwa hapa, yeye ndiye aliyekaa na Bibi Satı. Tunamtaja pia Baba yetu, ambaye ameanza kumsuka mama yake nywele kila asubuhi kabla ya kwenda kuendesha basi, anazisuka vibaya, lakini anasuka.

Punde imamu atasimama mbele ya jeneza atuulize, kama ada, iwapo tunamsamehe marehemu haki zetu zote zilizo kwake, nasi tutajibu kwa sauti moja kwamba tumesamehe. Tujibu, ni ada njema. Ila familia imetafuta mtu anayemdai Nazmiye Tunçel na haikumpata, imewapata wale anaowadai yeye, na wengi wao wamesimama safu ya mbele, na maiti hana ulimi wa kumsamehe mtu.

Mola akupokee, Mama, kwa mikono iliyokunjuliwa, na akuvalishe buti, uingie kwa miguu mikavu huko uendako.

Bibi Satı amebaki, tangu Alhamisi anamuulizia mkamwana wake, na Bibi Hannelore ni mtu mzima, hawezi kila siku. Kesho ni Jumanne, Baba yuko kazini kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Tunaomba mmoja wenu aje akae naye.