Bi Mwatum na Kiti cha Mke Mkubwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Mwatum Jecha anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya itifaki hapa Mji Mkongwe kwa miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo hakuna mgeni rasmi aliyekalia kiti ambacho Bi Mwatum hakukikagua kwanza.

Ni desturi kumsifu mstaafu kwa subira, unyenyekevu na kuwapenda wenzake. Bi Mwatum ana sifa nyingi, lakini hizo tatu hatutampa, kwa kuwa siku ya hafla ya kumuaga atakuwepo ukumbini na ataangua kicheko. Bi Mwatum ana wivu. Aliyempokea mgeni wake uwanja wa ndege kabla yake hakusemeshwa naye mpaka Ijumaa. Bwana Mansour, aliyekuwa mkuu wetu, aliposifu maua yaliyopangwa na Nadra wa mapokezi, wiki nzima maua hayo yalikutwa nyuma ya nguzo. Kila mmoja alijua nani aliyeyahamisha, na hakuna aliyeuliza.

Alizaliwa Mkokotoni, akaanza masomo huko na kuyamalizia mjini. Aliajiriwa akiwa karani, akapanda mpaka kuwa ofisa mwandamizi wa itifaki. Aliolewa na marehemu Jaku, fundi wa mashine za boti. Miaka michache baadaye marehemu alimwoa Bi Salhiya, na Bi Mwatum akawa mke mkubwa. Hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, alipoanza kusomea diplomasia.

Somo la kwanza alilipata kwenye harusi ya wifi yake. Aliposikia kuwa Bi Salhiya naye amealikwa, alisusa. Alikaa nyumbani akisubiri watu waje kumbembeleza. Hawakuja. Bi Salhiya alikalishwa mbele, pale pale palipokuwa pa Bi Mwatum, akabandikwa kikuba cha asumini kifuani, akapigwa picha pamoja na bibi harusi. Picha hiyo ipo ukutani kwa wifi mpaka leo. "Kila nikipita naiona," husema Bi Mwatum. "Na kila nikiiona, mimi simo."

Somo hilo lilimfaa mwaka juzi, nchi za ukanda huu zilipofanya mkutano hapa Unguja. Miongoni mwa waliofika alikuwamo mjumbe wa nchi mpya, iliyojitenga na nchi nyingine si muda mrefu uliopita. Majina ya nchi hizo hayatatajwa hapa, itifaki hairuhusu. Mjumbe huyo alikuwa amezunguka miji mikuu mingi akiomba nchi yake itambuliwe. Kote alipewa chai, na kote alinyimwa jibu, kwa sababu kila serikali ilisubiri nyingine ianze. Kwetu aliomba jambo moja: kwenye karamu ya kufunga mkutano awekewe mezani kibao chenye jina la nchi yake, kama wajumbe wengine. Serikali yake ilikwisha kumwambia kwamba akirudi mikono mitupu safari hii, hatatumwa tena.

Kutambua nchi si kazi yetu. Hiyo ni kazi ya wakubwa. Kazi yetu ni viti. Waziri mwenyeji alikubali kibao kiwekwe, kwa heshima ya mgeni tu. Lakini balozi wa nchi ya zamani alitangaza kwamba kibao kikiwekwa yeye ataondoka, na marafiki zake waliahidi kumfuata. Kibao kwenye meza isiyo na watu kisingemfaa mjumbe kwa lolote.

Katika nyaraka zetu nchi ya zamani iliitwa "nchi mama". Kwa hiyo Bwana Mansour alituagiza tumwendee balozi kwa lugha ya uzazi, tumsihi amhurumie mwanawe. Bi Mwatum alikataa.

"Mama hamwonei wivu mwanawe," alisema. "Hawa ni wake wenza. Niachieni mie."

Alasiri alikwenda hotelini Shangani, alikofikia balozi. Mwandishi wa wasifu huu alifuatana naye, amebeba hotuba ya kurasa tatu ambayo haikufunguliwa. Balozi, ambaye Kiswahili anakijua vyema, alikuwa akifunga mizigo.

"Mheshimiwa, gari lako liko tayari," alisema Bi Mwatum. "Nimekuja kukuaga."

"Hukuja kunizuia?"

"La. Nimekuja na taarifa. Kiti chako ni cha mkono wa kulia wa waziri. Hatuwezi kukiacha wazi, atakikalia mwengine."

"Nani?"

"Yule mdogo."

Balozi aliliacha begi lake. "Na picha?"

"Picha itapigwa vilevile. Ukisusa, wenzio twala."

Jioni ile balozi alikuwa mtu wa kwanza kufika ukumbini, na marafiki zake walimfuata, kama walivyoahidi. Zaidi ya hayo, aliomba mjumbe wa nchi mpya aketishwe pembeni yake, apate kumwona. Bi Mwatum alijifanya kusita, kisha akakubali. Muda wote wa karamu balozi aliitazama sahani ya mjumbe kuliko yake. Ulipofika wakati wa picha, mjumbe alisogea upande wa waziri. Balozi akawahi kujipenyeza katikati yao. Hivyo ndivyo walivyoonekana: waziri, balozi na mjumbe, bega kwa bega, na mbele yao kibao, herufi zote zikisomeka.

Picha hiyo ilisambaa kwenye simu kabla sahani hazijaondolewa. Serikali zilizokuwa zikingojana ziliulizana: ikiwa mwenyewe amekaa naye meza moja, sisi tunamsubiri nani? Kabla ya mwaka kwisha, tatu zilikuwa zimeitambua nchi ile. Mjumbe yule sasa ni balozi kamili. Kila Idi humpelekea Bi Mwatum sanduku la tende, kwa jina lake. Ofisi haipelekewi hata salamu. Mwandishi alikusudia kutolitaja jambo hili.

Wiki iliyopita Bi Mwatum alidai kuuona mpango wa viti vya hafla yake. Tulikuwa tumemweka Bi Salhiya safu ya nyuma, tukidhani tunamfurahisha. Alilikata jina hilo kwa kalamu nyekundu, akaliandika upya kwenye safu ya mbele, jirani na lake. Nadra alithubutu kumuuliza sababu.

"Safari hii tutakuwamo sote wawili kwenye picha," alijibu. "Ila mimi katikati."

Bi Mwatum, ofisi nzima inakushukuru kwa utumishi wako. Tunakuombea afya, nyumba yenye utulivu na wageni wanaokuja kwako wewe kwanza. Kiti chako hakitaachwa wazi, itifaki hairuhusu. Lakini atakayekikalia na ajue kwamba, kutoka Mkokotoni, unakorudi kupumzika, kuna anayemtazama.