Magurudumu Matatu ya Shangazi Yenu

Sogeeni wanangu, kaeni karibu na kitanda, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na mimi ndiye yule mpishi wa meli aliyekuwa akiwaita watu chakula wakamsikia mpaka chumba cha injini. Wewe kifungua mimba wangu, weka hicho kipimo chini, umenipima joto mara tatu tangu asubuhi na joto ni lile lile. Wewe wa pili, zima simu. Na wewe kitinda mimba, acha kuniangalia kama mtu anayeangalia nyumba ikiungua. Nitakufa, ndiyo, lakini si kabla ya kumaliza ninayotaka kusema, na mnanijua baba yenu, sentensi zangu ni ndefu.

Mambo ya mali ni machache, nayaondoa njiani upesi. Nyumba hii isiuzwe wala isigawanywe vyumba. Atakayekosa pa kulala miongoni mwenu alale humu, na mwenye pake asimhesabie mwenzake siku. Visu vyangu vya jikoni ni vya wa pili, kwa kuwa ndiye peke yake anayekata kitunguu bila kutangaza msiba. Televisheni kubwa, ambayo nasikia wawili kati yenu mmeshaanza kuigombea huku mwenyewe bado naitazama, haina mrithi. Inatoka leo, na inakokwenda nitawaambia, kwa sababu hilo ndilo nililowaitia. Nimewaitia ile baiskeli ya magurudumu matatu iliyo stoo chini ya turubai, ambayo kwa miaka minne mmekuwa mkiizunguka mkienda kuchukua ufagio, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini iko kwangu na si kwa shangazi yenu. Mlinistahi. Afadhali mngeniuliza.

Sikilizeni basi. Mama yangu alipofariki, mimi nilikuwa na miaka miwili na dada yangu kumi na mitatu. Aliponichukua kwenda naye kujifunza ushonaji, fundi wake alimwambia achague, mtoto au cherehani, kwa maana mtoto nikilazwa chini nilikuwa nalia, na nikipakatwa nilikuwa navuta nyuzi. Dada hakuchagua. Alijifunza kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja akiwa amesimama, nami nimefungwa mgongoni, mpaka yule fundi akachoka kumfukuza. Miguu ile ndiyo iliyonilisha, ikanivisha, ikanisomesha mpaka nikapata cheti cha kwenda kuwapikia watu wa mataifa. Ilikanyaga cherehani miaka hamsini kasoro. Kwa hiyo nyonga yake ilipoanza kugoma, mimi sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba haikugoma mapema.

Mnajua dada yangu hapendi kubebwa. Mkimwambia gari lipo, anasema gari ni la mizigo na wagonjwa, naye si mzigo, na mgonjwa ni nyonga. Siku moja nilimbembeleza sana, akaniambia, "Mdogo wangu, anayekwenda mwenyewe hufika, anayebebwa hufikishwa." Nikalishika neno hilo nikasafiri nalo.

Safari ile ndipo nilipoteremka kwenye bandari moja ya baridi, mji tambarare kama sinia, nikawa natembea kwenye njia nisiyojua kwamba si ya waendao kwa miguu. Nyuma yangu ikalia kengele. Nikageuka, nikamwona bibi mmoja wa makamo ya kunizaa, amekaa wima kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, mbwa mkubwa ametulia kwenye kapu la nyuma, na yule bibi akanitukana kwa lugha yake kwa kumzibia njia. Sikuelewa hata neno moja, lakini niliona mtu anayefika. Kesho yake nikaenda dukani.

Na hapa nataka mjue kwamba sikununua ovyo. Muuzaji aliniuliza ni ya nani, nikampa urefu wa dada yangu kwa kujipima begani. Nikachagua ya bomba la chini, ili aingie na gauni refu bila kuinua mguu. Nikachagua ya mnyororo uliofunikwa, pindo lisinaswe. Nikachagua yenye mota ndogo ya umeme ya kumsaidia kwenye mwinuko, lakini mwenyewe ndiye anayekanyaga, kwa sababu namjua. Niliporudi, nilikwenda na kamba kupima kile kichochoro cha kwenda kwa rafiki yake mkunga, ambako gari halipiti hata ungelilainisha kwa sabuni, nikaona baiskeli itapita na viganja viwili vitabaki. Nilipima kila kitu, wanangu, isipokuwa mdomo wangu.

Yule mkunga hamkumjua vizuri. Alikuwa shoga wa dada yangu tangu usichana. Mmoja aliwapokea watoto wa mtaa, mwingine akawashonea sare za shule, na kwa hesabu zao mtaa mzima ulikuwa wao. Wakati ninaousema, mkunga alikuwa ameshaanza kuumwa, haondoki ndani, na dada yangu hajamtia machoni karibu mwaka, kwa sababu ya nyonga na kile kichochoro.

Basi nikamkabidhi dada baiskeli, akajifunza. Siku tatu, asubuhi, ndani ya ua wake, geti limefungwa. Siku ya kwanza alizunguka tangi la maji akaligonga. Siku ya pili akalizunguka asiligonge. Siku ya tatu akasimama mbele yangu, akavuta breki, akasema, "Kumbe hii si baiskeli. Hii ni cherehani inayotembea." Sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kama ile, na nimepikia manahodha.

Siku ya nne akatoka. Mimi sikuwa naye. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa benchi la kinyozi, saa kumi, saa ambayo benchi linajaa, watu wanangoja zamu na wasiongoja zamu wanangoja mazungumzo, na mazungumzo nilikuwa mimi. Mnajua nilivyokuwa. Nikirudi safari, benchi lile lilikuwa ukumbi wangu. Basi nikamwona dada yangu anakuja kutoka juu kule, amevaa gauni lake la kijani la kutokea, amefunga kilemba kipya, na kwenye kapu la mbele ameweka kifurushi kimefungwa vizuri kwa utepe. Anakanyaga taratibu, uso ameukaza kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Alikuwa mzuri, wanangu. Nilipaswa kunyamaza tu, au nisimame nimpishe.

Nikasimama, ndiyo. Nikasimama katikati ya barabara kama askari wa usalama barabarani, nikanyoosha mkono, nikapaza ile sauti ya jikoni: "Pisheni, pisheni, chekechea wamefungua."

Watu walicheka. Benchi lote lilicheka, na duka la pili, na mama muuza mkaa ng'ambo. Mtoto mmoja akakimbia nyuma yake akiimba, chekechea, chekechea. Nami nilikuwa nasubiri anijibu, maana dada yangu ana ulimi. Nyumbani alikuwa ananishinda kila siku. Alisimamisha. Akavuta ile breki ya kuegeshea, kama nilivyomfundisha. Akateremka upande wa mguu mzima. Akaigeuza, akaishika usukani kwa mikono miwili, akaanza kuisukuma kurudi juu, kwa ile nyonga, hatua kwa hatua, na mwinuko ule mnaujua. Na mimi bado nilikuwa nacheka. Kinyozi ndiye aliyeacha kwanza. Alishusha mkasi akaniambia, "Mzee mwenzangu, hapo umekosea." Nikamwambia anyoe, asihubiri.

Ndiyo maana kwa miaka minne sijakanyaga kwa kinyozi yule. Ugomvi wetu ndio huo, hakuna mwingine, na kosa lake ni kusema kweli mbele yangu. Nilihamia kwa yule wa sokoni aliyenikata sikio, nikajifanya napenda mkono wake. Mwiteni yule kinyozi wa kwanza aje aninyoe. Mwambieni nimesema hapo nilikosea.

Asubuhi yake baiskeli ikaletwa kwangu, imeoshwa mpaka spoku, na ujumbe: "Mwambieni nimeikalia, nimeridhika." Mtu mwenye akili angevaa viatu akaenda. Mimi nilikwenda baada ya wiki, na nilikwenda na nini? Na mzaha mwingine. Akacheka kwa adabu, akanipa kiti, tukaongea habari za mvua. Miaka minne tumeongea habari za mvua, wanangu. Mimi na mtu aliyenibeba mgongoni. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Hawakusema kwamba usaha wenyewe waweza kukaa miaka unanuka na mwenye pua anasingizia mtaro.

Mkunga alifariki miezi saba baada ya siku ile. Dada yangu hakuwahi kufika. Jina lile la chekechea lilikuwa bado linamngoja nje ya geti, na aliyeliweka ni mimi. Kwenye matanga, binti wa mkunga alinivuta pembeni, hakuwa na ubaya, alidhani ananipa habari njema, akaniambia kila siku mama yake alikuwa akiuliza, "Mwenzangu bado hajapata usafiri?" Kifurushi kile kilikuwa blauzi. Dada aliishona ya vifungo vya mbele, ili mgonjwa avalishwe bila kuinua mikono. Najua kwa sababu niliiona baadaye, imekunjwa vifungo juu, bado imefungwa utepe wake, juu ya kabati la dada.

Ngoja. Nipe maji kidogo. Kidogo tu, usinioshe.

Sasa mimi ni mgonjwa wa miezi minane, na kutoka hapa mpaka kwa dada yangu ni mitaa miwili. Ananitumia salamu, ameninyooshea shuka hizi nilizolalia, kashona pindo mwenyewe. Wewe wa pili ulikwenda na gari mara mbili, akakwambia atakuja kwa miguu yake. Hawezi, na anajua hawezi. Mimi siwezi kwenda. Tumekaa hivyo, kila mmoja na ukuta wake, na mwenye funguo ni mimi na nimeziacha stoo chini ya turubai.

Basi huu ndio wosia wangu, haya mengine yalikuwa vyombo. Betri ya baiskeli imekufa. Kitu cha kukanyagwa ukikiweka bure kinakufa chenyewe. Fundi redio wa pale kona nimeongea naye jana kwa simu: anayo betri inayoingia, na ameridhika kuibadilisha na televisheni. Mpelekeeni televisheni, msivutane. Jazeni upepo. Matairi yakiwa yamepasuka, yabadilisheni. Kisha ipelekeni kwa shangazi yenu, ninyi watatu, na msiipande. Isukumeni. Mtu asiikalie kabla yake.

Na msipite njia ya nyuma. Piteni mbele ya kinyozi, saa kumi, benchi likiwa limejaa. Nilimtukana mbele ya watu, siwezi kumwomba radhi jikoni. Simameni pale, na wewe kifungua mimba wangu, kwa kuwa una sauti yangu, sema: baba yetu alisimama hapa akamwaibisha dada yake aliyemlea, na anasema mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Basi. Usiongeze. Usiseme naumwa, nisije nikasamehewa na benchi kwa kuonewa huruma. Atakayecheka mwacheni acheke, ni zamu yangu.

Kwa shangazi yenu, pigeni hodi kama watu, mwambieni mliyoyasema na mahali mliposemea. Atawauliza nani alikuwepo. Mtajieni wote, asibaki mtu. Akiikataa, irudisheni, msimbembeleze, mwacheni, aliyeumizwa si mdaiwa. Lakini akiikubali...

Nilitaka kusema mumlete hapa. Sifichi. Usiku na mchana ndiyo hamu yangu, nimwone anaingia mlango ule akinigombeza. Nimelifikiri sana. Hapana. Akikaa kwenye kiti cha baiskeli, muulizeni anataka kwenda wapi. Na akisema anakwenda kwanza makaburini, kwa mkunga... kule ni mbali, na kuna kilima, ndiyo maana nimeng'ang'ania betri... akisema hivyo, fungueni geti upande wa makaburini. Msimkumbushe mimi. Msimwambie baba anangoja. Mwenzake alingoja kabla yangu. Mtembee nyuma yake, mbali kidogo, asisikie viatu vyenu.

Nami nitangoja. Nikiweza.

Nizikeni asubuhi, msiwacheleweshe watu na jua. Asiyenipenda asilazimishwe kunisifu. Njooni, wekeni mikono hapa, yote, hata wa pili mwenye mafuta ya gari... Mungu awape miguu ya kuwafikia mnaowapenda kabla hawajachoka kuwaulizia. Awape watu wa kuwaambia mmekosea, na masikio... masikio ya siku ile ile, si ya miaka minne. Nimewaridhia. Nyote. Sina kinyongo na yeyote.

Saa ngapi sasa? Tisa? Basi ondokeni. Mtaniangalia mkirudi. Kuna upepo wa kujaza... nendeni, benchi lisije likatawanyika.