Mama Vioo na Vikopo Vyake vya Rangi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, mwalimu wa darasa la watoto wadogo anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Wengi wetu tunamwita Mama Vioo. Walimu wenzake wamenipa mimi, fundi wa shule, kazi ya kuandika maneno haya kwa sababu wao wote walimkuta hapa. Masomo yangu yaliishia njiani, kwa hiyo anayetafuta maneno makubwa asinilaumu.

Alianza kama msaidizi. Kazi yake ilikuwa kufuta makamasi, kufunga kamba za viatu na kutafuta soksi ya pili. Wakati huo kioo kilikuwa kimoja shule nzima, ukutani nje ya ofisi, usawa wa uso wa mtu mzima. Alinifuata stoo akaniambia watoto hawajawahi kujiona, akaniomba nikihamishie darasani. Nilikipigilia usawa wa kiuno changu. Kuanzia hapo mkuu wa shule wa enzi hizo akawa anaingia darasani kila asubuhi, anapiga magoti katikati ya watoto, anarekebisha tai, anaondoka. Watoto walidhani ni sehemu ya masomo. Siku asipokuja walikuwa wanamuulizia.

Vioo viliongezeka, na jina likamganda. Kisha akaingia kwenye rangi. Katika boksi la kalamu za nta palikuwa na moja iliyoandikwa "rangi ya ngozi". Watoto waliigombania ili wajichore, na hapakuwa na hata mmoja darasani mwenye ngozi ya namna ile. Mwalimu aliibandua ile karatasi kwa ukucha, akaja tena stoo kuniuliza rangi ya udongo inachanganywaje. Nikamwambia inategemea udongo wa wapi. Alicheka, lakini jibu lile alilishika.

Hivyo ndivyo ulivyoanza utaratibu ambao wazazi wote wanaujua. Mtoto mgeni, siku ya kwanza, anaketi na mwalimu mbele ya kioo. Wanachanganya kahawia, njano, nyekundu na nyeusi, wanapaka tone nyuma ya kiganja, wanaongeza, wanapunguza, mpaka lile tone lipotee kwenye ngozi. Rangi hiyo inawekwa kwenye kikopo chenye alama ya mtoto, na kwayo anachora uso wake ukutani. Kuna waliomaliza kwa dakika chache, kuna waliohitaji asubuhi nzima. Mwalimu hakumharakisha hata mmoja.

Picha ya familia iliyokuwa ukutani, baba mwenye mkoba, mama jikoni na watoto wawili wasafi, aliiondoa pia. Akaomba kila nyumba ilete picha yake. Wasio na picha aliwachora mwenyewe, na hapo lazima niseme ukweli: kuchora hakujui. Baba mmoja, dereva wa lori, alisimama mbele ya picha yake muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mbuzi ni yeye. Lakini bibi aliyekuwa analea wajukuu peke yake alijiona ukutani na wajukuu wake, akairudia ile picha mara nyingi. Na mtoto aliyetembea kwa mkongojo alikuta mwanasesere mwenye mkongojo, niliouchonga mimi kwa mti wa ufagio. Darasa zima lilimgombea mwanasesere yule, ikabidi mwenye mkongojo wa kweli awapange foleni. Aliwapanga kwa ukali kabisa.

Katika yote, ninalolikumbuka zaidi ni la yule binti asiyesema. Mama yake alikuwa anafua mashuka hospitalini, wametoka mbali, kwa bahati kule kule nilikozaliwa mimi. Muhula ulikwenda na binti hakutoa neno. Alikuwa anaelekeza kwa kidole, au anakaa tu. Kamati ya shule ikaamua kwamba akifunga muhula bila kusema, nafasi yake apewe mwingine, kwa sababu walioomba ni wengi. Mwalimu aliomba kitu kimoja tu, wasubiri muhula uishe kweli.

Alikwenda mpaka kule kufulia, akamkuta mama katikati ya mvuke, akamwomba amfundishe maneno machache ya nyumbani: njoo, maji, inauma. Mama alikataa.

"Nimemwambia afunge mdomo," alisema. "Mimi walinicheka kwa lugha yetu mpaka nikaacha shule."

Mwalimu hakubishana naye. Kesho yake aliniita nikaze rafu ya darasani. Rafu haikuwa na tatizo lolote. Akaniagiza nifanye kazi huku nikiongea kikwetu, kama niko kwetu. Nilijisikia mjinga, maana kikwetu nilikuwa sijakisema kwa sauti siku nyingi, lakini nikaanza. Msumari wa kwanza ulipinda. Nikaugombeza kwamba umekaa kama mkwe aliyekuja kula tu wakati wenzake wanalima. Nyuma yangu nikasikia kicheko, halafu sauti ndogo, kwa kikwetu safi:

"Mpige tena, mjomba. Usimwonee huruma."

Mwalimu hakuelewa neno hata moja. Alikwenda dirishani, akasimama pale akiwa ametugeuzia mgongo. Aliporudi aliniomba nimfundishe lile neno la mwisho, akalirudia vibaya, na binti akamsahihisha. Akakosea tena, binti akamsahihisha tena. Baadaye akaja mama mwenyewe, bado mikono yake inanuka sabuni. Akaketishwa mbele ya kioo, darasa zima likawa linajifunza kwake kusema maji. Walisema ovyo, wakachekana wao kwa wao, na mama akacheka pamoja nao. Kamati haikulirudia tena suala la nafasi. Na neno la binti likabaki darasani. Mpaka leo mtoto anayeogopa kukata karatasi au kuruka kamba huambiwa na wenzake "usimwonee huruma" kwa lugha ambayo wengi wao hawajui hata ilikotoka.

Wiki hii ndipo watoto wamegundua kwamba kwenye rafu ile ile, vinakokaa vikopo vyote vya rangi, hakuna kikopo cha mwalimu. Miaka yote hiyo hajawahi kuketi mbele ya kioo achanganyiwe rangi yake mwenyewe. Wakamkalisha kwenye kiti kidogo, magoti yakagusa kidevu. Binti yule, siku hizi msichana mrefu wa sekondari, alikuja kuwasaidia kukoroga. Tone la kwanza lilikuwa jeusi mno, la pili jekundu kama tofali. Hatimaye tone lilipopotea kwenye kiganja chake walipiga makofi. Kisha ikaja zamu ya kuchora nywele zenye mvi na mikunjo ya macho, na mwenye brashi akasita, akamwangalia mwalimu kwa aibu.

"Usimwonee huruma," mwalimu akamwambia, kwa lugha ya binti, na matamshi mabaya vile vile.

Uso wake sasa uko ukutani, usawa wa kiuno changu, katikati ya wanawe. Nimeupaka vanishi mara mbili.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila mtoto aliyejitafuta hapa akajiona. Sisi tuliotoka mbali tunakushukuru zaidi kidogo. Nenda ukapumzike, afya iwe nawe, na nyumbani kwako kioo kiwe usawa wa uso wako. Magoti yamefanya kazi ya kutosha.