Baiskeli Yangu Ilivyorudi Kutoka Urambo

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka ishirini na saba, ndipo nilipoibiwa baiskeli. Mnaocheka huko nyuma, chekeni tu. Nyie mna pikipiki.

Ndugu wanachama wa ushirika wetu wa asali, shule niliishia darasa la pili, lakini asali naijua. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Maji yapo, zahanati ipo, ila mizinga yangu ilibaki porini tulikotoka, mwendo wa kutwa kwa miguu. Baiskeli ndiyo iliyonifikisha kwa nyuki. Narina asali, napakia madebe kwenye keria, naenda kuuza Tabora mjini.

Mke wangu, yule pale mwenye kanga ya kijani anayejifanya hanisikii, aliniambia: "Baba watoto, mizinga yote umeichonga chapa yako. Na hii baiskeli itie."

Nikamjibu: "Baiskeli si mzinga. Unataka niharibu sura yake? Nani asiyeijua ya kwangu?"

Nilikuwa nimeipamba, nawaambia. Riboni kwenye usukani, kengele mbili, simba amechorwa kwenye madigadi.

Siku moja niliiegemeza ukutani pale sokoni, nikampelekea mteja debe lake dukani. Nilipotoka, ukuta upo, baiskeli haipo.

Asali ikaliwa na nyegere. Watoto wakala uji mtupu. Nikaenda Urambo kuwa kibarua wa tumbaku, mimi niliyezoea kujitegemea. Watoto wakubwa tuliwaacha kwa bibi yao, mke wangu akanifuata na mdogo mgongoni, wala hakunisema. Ndugu zangu, kule kutonisema kuliniuma kuliko kusemwa.

Basi, tuko kwenye kituo cha kununulia tumbaku, nikaiona. Imepakwa rangi nyekundu, riboni hakuna, kengele hakuna. Lakini mtu humjua mkewe kwa nyuma hata akiazima kanga ya jirani. Nikaikamata usukani.

"We bwana, unashika nini?" akauliza aliyekuja nayo.

"Baiskeli yangu."

"Yako imeandikwa wapi?"

Akaitwa balozi wa nyumba kumi. Akaniambia nitaje alama. Nikataja riboni, kengele, simba. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyu anatutajia harusi, hatutajii baiskeli." Namba ya kiwandani ilikwisha kusuguliwa kwa tupa, na hata isingesuguliwa, mimi sikuwahi kuisoma. Yule bwana akapanda, tayari kuondoka. Nikajua nimekwisha.

Mke wangu akanipa mtoto. "Shika." Akapiga goti mbele ya balozi. "Shikamoo, mzee. Naomba isiondoke kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

Akachora mchangani kwa kidole: mistari miwili na kitobo katikati. Chapa ya mizinga yangu. Akasema, "Ipindueni. Tazameni chini, penye ekseli ya pedali."

Wakaipindua. Akakwangua grisi na matope kwa kijiti. Mistari miwili, kitobo katikati.

Nikamuuliza, "Uliigonga lini?"

"Ulipokuwa porini. Kwa msumari na jiwe. Ulisema itaharibika sura. Huko chini haina sura."

Nililia mbele za watu, na mtoto akalia kwa kuniona.

Yule bwana hakuwa mwizi, alikuwa ameuziwa. Balozi akaandamana naye mpaka kwa aliyemuuzia, akarudishiwa hela zake, nami nikaondoka na baiskeli yangu. Leo tunaalikana harusi.

Namshukuru balozi yule, Mungu amrehemu, kwa kumsikiliza mwanamke asiyemjua. Namshukuru fundi wa Isevya aliyetuazima patasi, tukawagongea warina asali wenzetu wote chapa kwenye baiskeli zao. Na wewe, mama watoto, nakushukuru kwa ubishi wako.

Ninachowaambia ni hiki: mapambo mwizi anayang'oa. Gonga chapa mahali pasipoonekana, na nyumbani waijue. Leo hii, kabla hujarudi kwako.

Tulicho nacho sasa: nyumba ya bati Isevya. Kisima. Mizinga porini na mashine ya kukamulia asali. Ng'ombe wawili wa maziwa. Baiskeli mbili, ya kwangu na ya kwake. Na ile nyekundu, haiendi tena, iko sebuleni. Amekataa isiuzwe.