Honi za Mlimani

Basi la kisiwani lilipanda mlima ndani ya ukungu, likipiga honi kila kona, nasi abiria tumetulia kama tunaota. Mbele yangu kijana alimwambia mama mmoja, mfua mashuka wa hotelini, "Shangazi, leo nitalala hoteli ya watalii kule kileleni. Kwa mama nitashuka kesho. Sikuja kumzika baba, nitamtazamaje?"

"Umechelewa, mwanangu. Dereva akipakia mtoto wa hapa, hupiga honi ili kwao wajue. Umesahau kwenu?"

"Nilidhani anaonya magari!"

"Magari gani huku, mbuzi watupu?"

Nilimwomba Mungu msamaha kwa kusikiliza, nikasogea karibu.

Basi likasimama kijijini kwao yule kijana, mlango ukafunguka. "Nani huyo amekuja?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ukunguni.

Kijana alikumbatia begi lake, hajainuka bado.