Mwalimu Muthoki na Hema ya Watoto wa Kitengela

Ndugu, jamaa, majirani na watoto wote mliofika hapa nyumbani, familia inawaomba mtulie kidogo na kusikia maisha ya Mama Phylis Muthoki Mulei, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Mwala, Machakos, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane, akasoma shule ya msingi ya kijijini mpaka darasa la saba mwaka 1967, kisha akabaki nyumbani kusaidia shambani na kujifunza cherehani kwa shangazi yake. Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa kanisani na Mzee Mulei Mulinge, aliyekuwa akifanya kazi Athi River, na mwaka 1976 wakahamia hapa Kitengela, wakati ambapo nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya maduka. Mungu aliwajalia watoto watatu, Virginia, Mulinge na Roy, na wajukuu watano. Marehemu alishona sare za shule kwenye baraza ya duka miaka yote hiyo, na kuanzia mwaka 1984 akafundisha watoto kanisani kila Jumapili.

Mwezi wa Agosti 1997, shule zikiwa zimefungwa, aliamua kuwaonyesha watoto jinsi Mungu alivyokaa katikati ya watu wake jangwani, akajenga nao uwanjani hema ya kukutania, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Kutoka. Mzee Simel, mfugaji jirani yetu, aliposikia kwamba mbao za hema ya Musa zilitoka kwa mti wa mgunga, alicheka, akasema, "Kumbe hao watu walipita hapa kwetu," akatoa nguzo na ngozi sita za kondoo. Sanduku la agano lilikuwa kasha la majani chai, lililobandikwa karatasi za dhahabu za pakiti za sigara walizookota watoto, mpaka mzee wa kanisa, Muteti, akauliza, "Mwalimu, kwani sanduku la agano limeanza kuvuta?" Marehemu alicheka siku hiyo hadi akakaa chini, na familia haikumbuki kama alicheka hivyo tena.

Jumapili tarehe 24 Agosti aliwasimamisha watoto mbele ya pazia alilolishona mwenyewe, akawaambia kwamba nyuma yake ndipo alipo Mungu, na kwamba hakuna wa kuingia. Kati yao alikuwa Nyaguthii, mtoto wa miaka saba, ambaye mama yake alizikwa mwezi wa Aprili mwaka huo, na ambaye watu wazima, marehemu akiwa mmoja wao, walikuwa wamemwambia kwamba mama yake sasa anakaa na Mungu. Wenzake walipokwenda kunywa chai, mtoto huyo aliingia nyuma ya pazia. Marehemu alimkuta ameketi karibu na kasha, amelifungua, naye mtoto akamuuliza, "Mwalimu, si ulisema Mungu ako hapa? Sasa mama yangu ako wapi?"

Jioni hiyo marehemu alibomoa hema kwa mikono yake, akamwambia Mzee Muteti atafute mwalimu mwingine, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "Nimemfisha mama wa huyu mtoto mara ya pili." Mzee alikataa, na marehemu akaendelea kufundisha, ila Nyaguthii hakurudi kanisani. Nyanya yake, Mama Rahab Waithera, alisema mtoto hataki hata kusikia kengele. Tangu hapo, kila Jumapili alasiri, kwa miaka sita, marehemu alikwenda kwa Mama Rahab na kikapu chake cha kushona, akaketi na mtoto huyo, akimfundisha kupiga pindo na kutia vifungo, bila kumtajia Mungu hata mara moja, kwa kuwa aliogopa kukosea tena, mpaka mwaka 2003 Nyaguthii alipopelekwa Ngong kuishi kwa shangazi yake.

Mwezi wa Oktoba 2008 marehemu alianza kuumwa na tumbo, ikaonekana ni kansa, na mwezi wa Mei mwaka huu akalazwa hospitalini Kajiado. Hakulalamikia maumivu, ila alirudia kumtaja mtoto yule, akiuliza kama aliwahi kumpata Mungu. Jumapili tarehe 7 Juni Nyaguthii alifika kutoka Ngong, akamwosha, akamchana nywele, na marehemu akamuuliza mwenyewe. Alimjibu, "Mwalimu, siwezi kukudanganya, mimi bado sijamwona. Lakini najua nilikuwa nakungoja wewe kila Jumapili." Marehemu alimshika mkono. Kama jibu hilo lilimtosha, familia haijui, ila hakuuliza tena. Nyaguthii alikaa naye mpaka Alhamisi tarehe 11 Juni 2009, saa kumi na moja alfajiri, marehemu alipotuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kajiado, majirani waliotuchotea maji na kutupikia wiki hii yote, mafundi wenzake wa sokoni walioshona sanda yake, na Nyaguthii, aliyeketi hapa na watoto wetu.

Mwalimu, umechoka, pumzika sasa kwa amani.