Mkufu Ulioota Majani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, walimu wa chuo cha ufundi, majirani, na nyinyi wa nyuma mliokosa viti, hamjambo? Nikikohoa mnivumilie; ni woga, si mafua. Shule niliiacha mapema, na leo nina ombi kwa Mheshimiwa.

Binti yangu aliponiambia atatengeneza vito, nikawaza dhahabu. Kumbe! Akaja na fuko la maganda ya konokono kutoka mto wetu uliobaki tope, mizizi iliyoungulia kwenye tanuri za matofali, na mbegu alizookota topeni, za miti ya ukingoni, ile iliyokatwa yote.

“Mama, nataka mtu akivaa aulizwe vimetoka wapi.”

“Mwanangu, nani atavaa msiba masikioni?”

Roho ilikuwa juu juu. Nimemsomesha kwa kufua nguo za watu, halafu ananiletea konokono?

Lakini watu walinunua. Muuguzi wetu, yule pale anayejificha kwa kucheka, alichukua mkufu wa mbegu. Sasa, mbegu hutobolewa, huchemshwa zisiote, ndipo hutungwa. Hizo, binti yangu kwa haraka zake alisahau kuzichemsha, na muuguzi naye akautundika mkufu bafuni. Mara huyo mlangoni: “Mama we, bidhaa yenu imeota majani!”

Nikamkimbilia. “Dada, tusamehe, tutakubadilishia.” Binti yangu hata hakunisikia. Aliupokea mkufu kama anayepokea kichanga, akapiga kelele, “Mama, ipo! Miti ya mto bado ipo!”

Tangu hapo, ndugu zangu, mbegu tunazochemsha ni chache. Nyingine ziko nyuma ya karakana hii tunayoizindua, kwenye makopo ya rangi, miche imefika magotini. Vito hivi vinatukumbusha tulichoharibu, sawa. Je, tutakaa tu kukumbuka?

Mheshimiwa, wenye tanuri wanautaka tena ukingo ule. Sisi tunauomba kwa ajili ya miche, kwa sababu mvua hizi zikipita ikiwa bado kwenye makopo, itakufa. Unatikisa kichwa, baba: ni ndiyo, au unafukuza nzi?

Ni ndiyo! Jamani, mmeona? Muuguzi, wewe ni shahidi.

Basi utepe usubiri kidogo, hauna mizizi ya kukauka. Asanteni kwa kuniazima masikio; sasa naomba na mikono. Kila mtu kopo lake, twendeni mtoni.